Marini Bodi Huoza Kuanzia Ukingoni

Zege bichi halina umbo lake lenyewe, bali hushika umbo la kalibu ambamo limemiminwa, na katika majengo ya ghorofa ya Afrika Mashariki kalibu hilo siku hizi hutengenezwa mara nyingi kwa plaiwudi iliyofunikwa utando mweusi au wa kahawia, ambayo madukani na kwenye maeneo ya ujenzi hujulikana kwa jina la marini bodi. Jina hilo linapotosha kidogo, kwa kuwa plaiwudi ya marini kwa maana yake halisi ni ile inayoundiwa boti, yenye masharti makali kuhusu aina ya mti na kasoro za tabaka za ndani, ilhali bodi ya zege huzuia maji kwa utando wake wa juu na rangi ya kingo zake. Wapo wajenzi ambao, kwa kuliamini jina, huiacha bodi mvuani wiki nzima wakidhani kwamba kitu cha baharini hakiogopi maji.

Bodi ya kawaida huwa na upana wa milimita 1220 na urefu wa milimita 2440, yaani futi 4 kwa 8, na unene unaotumika zaidi ni milimita 18. Ndani yake mna tabaka nyembamba za mti, zilizobanduliwa kutoka gogo linalozungushwa mbele ya kisu kirefu kisha zikapangwa kwa kupishana, nyuzi za tabaka moja zikikatiza nyuzi za tabaka inayofuata, ili mti usivimbe wala kunywea kwa urahisi upande mmoja. Gundi inayofaa kazi hii ni ile ya fenoli na fomaldehidi, jamii moja na bakelaiti aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907, ingawa plaiwudi yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1934, pale mkemia James Nevin wa kiwanda cha Harbor Plywood huko Aberdeen, katika jimbo la Washington nchini Marekani, alipopata gundi isiyoachia hata ikilowa kabisa. Utando wa juu ni karatasi iliyonyweshwa resini ya jamii hiyohiyo, kisha ikagandamizwa kwa joto juu ya mti. Karatasi ya kawaida huwa na uzito wa takriban gramu 120 kwa mita ya mraba, na ile ya kazi nzito hufikia gramu 220. Rangi ya utando haithibitishi ubora wowote, kwani mweusi na wa kahawia hutofautiana kwa rangi iliyotiwa tu.

Uso wa bodi, kwa hiyo, umekingwa vizuri. Udhaifu uko ukingoni. Pale bodi inapokatwa, nyuzi za mti hubaki wazi kama mirija iliyofungwa pamoja, na maji ya zege huvutwa ndani kupitia mirija hiyo, yakavimbisha ukingo huku katikati pakibaki na unene uleule. Bodi mbili zilizovimba namna hiyo zikipangwa bega kwa bega haziwezi tena kukutana sawasawa: uji wa saruji huvuja kwenye mwanya, kokoto hubaki bila kitu cha kuziunganisha, na dari hutoka na michirizi pamoja na mapengo yanayofanana na sega la nyuki, ambayo fundi wa lipu hulazimika kuyaziba kwa gharama ya mwenye nyumba. Kiwandani kingo hupakwa rangi ya kuzuia maji, lakini ulinzi huo hukoma msumeno unapopita, na hapo ndipo uzembe mwingi hutokea, kwa kuwa bodi hukatwa asubuhi na kumwagiwa zege jioni bila ukingo mpya kupakwa chochote. Mikono miwili ya rangi ya mafuta au ya akriliki, iliyoachwa ikauke kabla ya kazi, inatosha, na kopo moja dogo huhudumia bodi nyingi. Matundu ya misumari na ya keekee ni kingo pia, japo ni madogo, nayo yanahitaji kuzibwa na kupakwa. Ndiyo maana inafaa kupunguza misumari na kuyatumia tena matundu yaleyale ya zamani badala ya kutoboa mapya kila bodi inapohamishwa.

Adui wa pili ni zege lenyewe. Saruji ikichanganyika na maji hutoa alkali kali, yenye kipimo cha pH kinachozidi 12, ambayo huula utando taratibu na kuunguza ngozi ya fundi asiyevaa glavu. Kwa sababu hiyo, hata bodi mpya inayong'aa hupakwa kilainishi kabla ya kila umwagaji, ili zege lisishikamane nayo. Vilainishi vilivyotengenezwa kwa kazi hii huwa na asidi za mafuta, ambazo hukutana na chokaa ya saruji na kufanyiza tabaka jembamba la sabuni, kwa maana halisi ya neno hilo, na sabuni hiyo ndiyo inayotenganisha zege na bodi. Oili chafu ya magari, inayotumika sana kwa kuwa hupatikana kwa bei ndogo au bure, haina tabia hiyo: hutelezesha tu, huacha madoa meusi, huzuia lipu na rangi kushika, na hubeba mabaki ya metali ambayo hayafai kuingia kwenye ngozi ya mtu wala kwenye udongo wa kiwanja. Kosa lililo kinyume cha kutopaka ni kupaka kupita kiasi, kwani mafuta yakituama hunasa hewa na kuuachia uso wa zege vijishimo vingi. Kipimo kizuri ni kitambaa: bodi ipakwe, kisha ifutwe mpaka ibaki na unyevu usiochuruzika, na kazi hiyo iishe kabla nondo hazijapangwa, maana nondo iliyopakwa mafuta haishikani na zege.

Nondo zenyewe hukwaruza utando zikiburutwa juu yake, hivyo hubebwa na kuwekwa juu ya vipande vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti. Ncha ya vaibreta, yaani mashine ya kutetemesha zege ili hewa itoke, isiguse bodi, kwa kuwa sekunde chache za chuma kinachotetemeka huchimba alama itakayoonekana kwenye kila slabu itakayofuata. Uzito nao si wa kudharau: slabu ya milimita 150 ina kilo zipatazo 360 kwa mita ya mraba, hivyo bodi moja nzima hubeba zaidi ya tani moja kabla zege halijajibeba lenyewe, na mirunda inayoishikilia kwa chini ikiachana mno, bodi hupinda na haiachi kupinda.

Hata hivyo, bodi nyingi haziharibiwi na kumwaga bali na kufungua. Zege likishafikia nguvu inayotakiwa, mkandarasi huwa na haraka ya kuhamishia bodi ghorofa inayofuata, na haraka hiyo humpa kibarua mtaimbo. Kanuni ya Uingereza ya BS 8110, iliyoongoza wahandisi wa ukanda huu kwa miaka mingi, iliruhusu kalibu la wima kuondolewa baada ya saa 12 kwenye joto la nyuzi 16 na zaidi, bodi za chini ya slabu baada ya siku 4 iwapo mirunda ya kuishikilia slabu inabaki mahali pake, na mirunda hiyo baada ya siku 10. Lakini neno la mwisho ni la mhandisi wa jengo husika. Bodi hufunguliwa kwa kabari za mti zinazopigwa polepole ukingoni, ikapokewa kwa mikono ya watu wawili, kwani bodi inayoachwa idondoke hutua kwa pembe, na pembe iliyopondeka ni mlango mwingine wa maji.

Usafishaji hufanywa siku hiyohiyo, mabaki ya saruji yakiwa bado laini, kwa kikwaruzo cha mti au cha plastiki pamoja na maji na kitambaa. Brashi ya waya na patasi huondoa saruji, lakini huondoa utando pia. Baada ya hapo bodi hulazwa bapa juu ya vipande vitatu vya mbao vinavyoinua rundo kutoka ardhini, kivulini, chini ya turubai lililoachiwa nafasi ya hewa kupita, kwa maana turubai lililobana hugeuka kuwa joko la mvuke. Kuziegemeza ukutani ni kuzifundisha kupinda.

Kwa anayenunua, bei ya bodi haina maana mpaka igawanywe kwa idadi ya mara itakayotumika: bodi ya bei maradufu inayotumika mara nne zaidi ni rahisi kwa nusu. Kwa anayekodi, inafaa kingo zikaguliwe pamoja na mwenye mali kabla ya kuzibeba bodi na tena siku ya kuzirudisha, maana bodi iliyovimba ndiyo chanzo cha mabishano kuhusu amana. Bodi iliyochoka upande mmoja hugeuzwa, na ikichoka pande zote hutumika kwenye misingi, ambako uso wa zege hauonekani. Vipande vya mwisho, ambavyo mara nyingi huishia kwa mama ntilie wa karibu na kiwanja, visitiwe jikoni, kwa sababu gundi na utando wake vikiungua hutoa moshi wenye sumu.