Daftari la Mbwa ni Chombo cha Sayansi

Tuanze na tukio linaloweza kutokea jioni yoyote huko Tandale, Mbagala au Goba. Mtoto ametumwa dukani. Njiani anaumwa na mbwa, na mbwa mwenyewe anatokomea vichochoroni. Mzazi anamkimbiza mtoto zahanati, ambako muuguzi anauliza maswali mawili: Mbwa huyo ni wa nani? Je, amechanjwa? Majirani wanabishana. Mmoja anasema ni wa fundi wa gereji. Mwingine anashikilia kwamba ni mbwa koko asiye na mwenyewe. Jibu la maswali hayo halikupaswa kutafutwa katika ubishi wa majirani, bali katika daftari la halmashauri.

Wananchi wengi hulidhania daftari la mbwa kuwa njia nyingine ya kukusanya ada. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba daftari hilo ni chombo cha sayansi kama vilivyo mizani na kipimajoto. Hali kadhalika lina kasoro zake, na kasoro hizo zaweza kupimwa kwa hesabu ambazo kila mwanafunzi wa sekondari anazimudu.

Ugonjwa wenyewe

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Virusi hivyo huingia kwa njia ya jeraha, husafiri polepole katika neva hadi kwenye ubongo, na safari hiyo aghalabu huchukua majuma au miezi. Dalili zikishajitokeza, takriban hakuna anayepona. Duniani inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, idadi iliyozidi kwa mbali sana ile iliyokuwa ikiandikwa katika taarifa rasmi.

Hata hivyo, mtu aliyeumwa anaweza kuokolewa. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya kupata chanjo bila kungoja. Hapo ndipo daftari linapoingia. Mbwa au paka ambaye mate yake yana virusi huugua na kufa katika muda wa siku chache. Kwa hiyo, mnyama akijulikana alipo, akafungiwa na kuangaliwa kwa siku 10 akabaki mzima, daktari ana hakika kwamba siku ile ya kuuma hakuwa akiambukiza, na chanjo zilizosalia zaweza kusimamishwa. Mnyama asiyejulikana hawezi kuangaliwa, na mtoto hana budi kumaliza dozi zote kwa gharama kamili, ikiwa chanjo ipo.

Kwa nini asilimia 70?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Mwanafunzi makini atauliza idadi hiyo ilitoka wapi. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa 1.1 hadi 1.2. Tukichukua 1.2, ugonjwa utazimika iwapo sehemu ya mbwa wenye kinga itazidi 1 − 1/1.2, yaani sehemu moja ya sita, au asilimia 17.

Mbona basi tunadai 70? Sababu ni kwamba maisha ya mbwa ni mafupi. Tuseme katika mtaa wenye mbwa 100 tumechanja 70. Ikiwa katika mwaka mmoja mbwa wanne katika kila kumi watakufa au kuhamishwa, waliochanjwa watabaki 42, na nafasi za walioondoka zitajazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga. Asilimia 70 ni akiba inayotuwezesha kuifikia kampeni ya mwaka ujao tukiwa bado juu ya kiwango cha hatari. Kutokana na hayo tunajifunza pia kwamba daftari la mbwa lililoandikwa mara moja na kuwekwa kabatini limekwisha kuwa la uongo baada ya mwaka mmoja.

Tunajua kiasi, hatujui asili

Asilimia ni sehemu, na kila sehemu ina kiasi na asili. Kiasi ni idadi ya mbwa waliochanjwa, na afisa mifugo wa kata anaijua kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa vyeti. Asili ni idadi ya mbwa wote waliopo, na hiyo ndiyo isiyojulikana.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa Tanzania Bara ina mbwa 2,316,000, yaani mbwa mmoja kwa watu wapatao 21. Lakini watafiti wenyewe walieleza kuwa idadi ya kweli yaweza kuwa popote kati ya 1,573,000 na 3,122,000. Asilimia 70 ya idadi ya chini ni dozi 1,101,100. Ya idadi ya juu ni dozi 2,185,400. Tofauti ni zaidi ya dozi milioni moja. Hiyo ndiyo bei ya kutojua asili.

Katika Dar es Salaam lipo tatizo la pili, nalo ni la mipaka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,775,049 katika Kinondoni. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 982,328. Je, watu karibu laki nane walihama? La hasha. Baina ya sensa hizo mbili Ubungo ilitengwa na Kinondoni, kama Kigamboni ilivyotengwa na Temeke. Tukijumlisha Kinondoni na Ubungo kwa mwaka 2022 tunapata watu 2,069,240. Mtu atakayelinganisha daftari la mbwa la Kinondoni la mwaka 2012 na la mwaka 2022 pasipo kuukumbuka mgawanyo huo atatangaza kuwa mbwa wamepungua, ilhali kilichopungua ni eneo. Ndiyo maana kila mstari wa daftari unapaswa kutaja mtaa na kata, si jina la manispaa peke yake.

Hesabu ya mikanda

Idadi ya mbwa wote yaweza kukadiriwa bila kumkamata kila mmoja. Siku ya chanjo, kila mbwa aliyechanjwa hufungwa ukanda wa rangi shingoni. Mara baada ya hapo wahesabuji hupita mitaani na kuandika mbwa wote wanaowaona, wenye ukanda na wasio nao.

Tuseme katika mtaa fulani wamechanjwa mbwa 180. Wahesabuji wameona mbwa 60, na kati yao 36 wana ukanda. Sehemu ya waliochanjwa ni 36/60, yaani asilimia 60. Idadi ya mbwa wote basi ni 180 × 60/36, yaani 300. Lengo la asilimia 70 lilikuwa mbwa 210; wamekosekana 30, na afisa mifugo anajua kwamba kazi haijaisha.

Hesabu hii ina sharti moja: mbwa wenye ukanda na wasio nao wawe na nafasi sawa ya kuonekana. Katika Masaki au Mbezi Beach, mbwa wengi wa ulinzi hukaa nyuma ya kuta na mageti, na mpita njia husikia sauti zao tu. Katika Manzese, mbwa mwenye mwenyewe huzurura mchana kutwa, naye akadhaniwa kuwa mbwa koko. Daftari huwaona vizuri zaidi wa nyuma ya ukuta. Mpita njia huwaona vizuri zaidi wa barabarani. Kwa sababu hiyo njia hizi mbili husahihishana, na halmashauri yenye busara hutumia zote mbili.

Paka ni mtihani mgumu zaidi. Hapendi ukanda, hupanda mapaa, hula nyumba tatu tofauti, na paka shume hana anwani. Lakini sayansi inatupunguzia mzigo. Kwa kawaida paka hupata virusi kutoka kwa mbwa, na ugonjwa hauendelei kwa muda mrefu miongoni mwa paka peke yao. Mbwa wakilindwa vya kutosha, paka nao watakuwa wamelindwa. Kwa paka, daftari la lazima ni lile la chanjo na la watu walioumwa au kukwaruzwa.

Ada na hofu

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Uwezo huo utumike kwa hadhari. Uingereza ilianza kutoza kodi ya mbwa mwaka 1796, na leseni yake ikafutwa mwaka 1987 ikiwa ada ni peni 37 tu. Hata hivyo, yakadiriwa kwamba ni takriban nusu tu ya wenye mbwa waliokuwa wakiilipa. Mwananchi akiogopa ada, au akihofu kwamba mbwa asiyeandikishwa atauawa, atamficha. Hapo daftari litakuwa linapima uoga wa watu, si idadi ya mbwa. Njia bora ni uandikishaji ufanyike palepale penye chanjo, ili anayeandikishwa aondoke na faida mkononi.

Kwamba kazi hii inawezekana, Pemba ni ushahidi. Baada ya kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010, mnyororo wa maambukizi kisiwani ulikatika mwaka 2014. Virusi vikarudi mwaka 2016, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 vilikuwa vimekomeshwa tena. Kurudi huko kulitambuliwa, na kukomeshwa kwake kukathibitishwa, kwa sababu watafiti waliandika na kufuatilia kila tukio la mtu kuumwa.

Zoezi kwa wanafunzi

Walimu wa hisabati na baiolojia wanaweza kulitumia somo hili bila gharama. Kila mwanafunzi aandike mbwa na paka wa nyumbani kwake: jinsia, umri, mwezi wa chanjo ya mwisho, na kama cheti kipo. Darasa likokotoe asilimia ya waliochanjwa katika kila mtaa, kisha lipeleke matokeo kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa na kuyalinganisha na daftari lake. Wanafunzi wasijaribu kumshika wala kumchokoza mbwa yeyote, kalamu inatosha.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakisema juu ya mali ya dukani. Mtoto yule wa Mbagala ni mali kubwa zaidi, na muuguzi bado anangoja jibu.