Usonji na Uwililugha: Je, Nyanya Anyamaze?

Mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe ana usonji, aghalabu suala la lugha hufuata papo hapo. Mpwa wangu alipofikisha miaka minne bila kuunga maneno mawili, wazazi wake walishauriwa watumie Kiingereza pekee nyumbani, kwa kuwa ndiyo lugha ya shule. Nyumba hiyo ilikuwa na Kikamba cha nyanya na Kiswahili cha kila mtu. Nyanya, ambaye Kiingereza hakijui, akabaki kumlisha na kumwogesha mjukuu wake kimyakimya. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ushauri wa aina hiyo hauna mashiko.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtu na wenzake. Hausababishwi na lugha mbili, wala na malezi mabaya. Mnamo mwaka wa 2012, Hambly na Fombonne, watafiti wa nchini Kanada, walichapisha utafiti kuhusu watoto 75 wenye usonji. Waliokulia katika lugha mbili hawakuonekana kuchelewa kuliko wenzao wa lugha moja. Ni kweli kwamba Kanada si Ukambani. Hata hivyo, anayemnyamazisha nyanya ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Kinachowatatiza wengi ni mwangwi wa usemi, yaani mtoto kurudia maneno jinsi alivyoyasikia. Leo Kanner aliyaeleza haya mwaka wa 1943, alipoandika kuhusu watoto 11, na akatambua kwamba baadhi yao walichanganya nafsi ya kwanza na ya pili. Katika Kiswahili jambo hili huchukua sura ya pekee. Mama akiuliza, "Unataka maji?" mtoto mwenye kiu hujibu, "Unataka maji." Kwa kuwa swali kama hilo hutofautiana na taarifa kwa kiimbo tu, msikilizaji hudhani kwamba ni yeye anayeulizwa. Vivyo hivyo, "Hujambo?" hurudi "Hujambo," naye mgeni huondoka akinung'unika kwamba mtoto hana adabu. Kumbe mtoto ameishika kauli nzima! Kilichomshinda ni kugeuza kiambishi u- kiwe ni-, au hu- kiwe si-.

Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja tiba iliko. Badala ya kuuliza, mzazi amkabidhi mtoto kikombe huku akitamka kauli ambayo mtoto mwenyewe angeitamka: "Ninataka maji." Mwangwi ukirudi, utarudi na nafsi sahihi. Mbinu hii haihitaji Kiingereza. Kikamba nacho ni lugha ya Kibantu chenye viambishi vya nafsi, na nyanya anavijua kuliko sisi tuliovisomea chuoni.

Wapo pia watoto wasiosema kabisa. Hao hutumia picha na ishara, na Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kutumia njia za mawasiliano zinazowafaa. Picha ya kikombe haina kabila wala lugha rasmi.

Wazazi wa mpwa wangu waliuacha ushauri ule baada ya miezi michache. Siku hizi, akitaka uji, huchukua picha ya kikombe na kumwekea nyanya mapajani. Nyanya huutaja uji kwa Kikamba, mara mbili, polepole, kisha husubiri.