Muuguzi Akikuomba Mkojo, Usione Haya

Wapo wagonjwa wa figo wanaoona haya tunapowapa chombo na kuwaomba wakusanye mkojo wote wa saa 24. Usiku huumwaga nje, asubuhi wanasema hawakupata haja ndogo. Ndugu msomaji, hapo unatupotosha. Mtu mzima anayepata chini ya mililita 400 kwa siku yuko hatarini, na daktari hupanga maji ya kunywa na dawa kwa kutazama kipimo hicho.

Kila asubuhi, kabla ya kula, tunampima pia uzito kwa mzani uleule. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Aliyeongezeka kilo mbili tangu juzi hakunenepa, amejaa maji. Tunambonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, tuone kama shimo linabaki. Tunamwuliza kama anaweza kulala chali bila kuhema, maana maji hayo huweza kufika mapafuni.

Lakini jambo linalofichwa mno ni dawa. Mama mmoja alituapia kuwa hamezi kitu. Siku ya tatu binti yake alivuta kikapu chini ya kitanda: kulikuwamo diklofenaki za maumivu ya mgongo, alizozimeza miezi mingi, na chupa ya mizizi. Vidonge hivyo huzidi kuziumiza figo zilizokwisha kudhoofika, naye alikuwa akiendelea kuvimeza mumo humo wodini! Nami nilikuwa nikimtandikia kitanda hicho kila siku.

Basi unapomleta mgonjwa, leta na dawa zake zote, hata za mganga. Hatutakugombeza.