Siri ya unga wa kipepeo

JE, msomaji, umewahi kumshika kipepeo kisha ukaona vidole vimebaki na unga? Wengi hudhani hilo ni vumbi tu. La hasha! Huo ni magamba, maelfu kwa maelfu, yaliyopangwa juu ya bawa mithili ya vigae juu ya paa. Gamba likishang'oka, halimei tena.

Magamba hayo ndiyo humpa kipepeo rangi. Weusi na hudhurungi hutokana na kemikali zilizomo ndani yake, kama kitambaa kilichotiwa rangi. Lakini samawati ile inayometameta, mara nyingi, hutokana na umbo la gamba lenyewe.

Hebu tazama mafuta ya gari yaliyomwagika barabarani siku ya mvua. Mafuta hayo hayana nyekundu wala kijani, ilhali utaona rangi chungu nzima. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando wa mafuta hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake. Rangi fulani huongezeka nguvu, nyingine hufifia. Tabaka nyembamba za gamba hufanya kazi hiyo hiyo.

Chukua mfano wa kipepeo aitwaye Morpho, wa Amerika ya Kusini. Ukidondosha spiriti kwenye bawa lake, samawati hugeuka kijani. Spiriti ikikauka, samawati hurudi. Rangi ya kawaida haiwezi kufanya hivyo.

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda mbali. Kipepeo aitwaye Papilio nireus, mweusi mwenye mikanda ya samawati na kijani, hupatikana hapa Kenya, na viwavi wake hula majani ya michungwa. Mnamo 2005, Pete Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza kwamba magamba yake hunyonya miale ya urujuanimno na kuitoa tena ikiwa samawati-kijani. Vitundu vidogo mno huelekeza mwanga huo nje, na chini yake kuna kioo kinachourudisha juu. Mpangilio huo unafanana na ule wa taa bora za LED ambazo wahandisi walikuwa wamezibuni miaka michache tu kabla!

Huko Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993. Wakulima hufuga vipepeo na kuuza mabundo (pupa) yao ng'ambo kwa maonyesho, nao hupata karo na chakula bila kuufyeka msitu. Msitu ukiisha, riziki hiyo nayo itakwisha, pamoja na mafunzo ambayo bado hatujayasoma kwenye mabawa hayo.

Basi mwanao akimwona kipepeo, mwambie asimshike. Amtazame kwanza mbele, kisha ubavuni, aone jinsi rangi inavyobadilika. Na viwavi wachache wakionekana kwenye mchungwa wako, waachie majani kidogo.