Fahamu: Kompyuta ya mkononi inavyofufua gemu za zamani

Steam Deck, iliyoingia sokoni Februari 2022, kwa sura ni kifaa cha kuchezea gemu tu. Ndani yake kuna kompyuta kamili inayoendeshwa na SteamOS, mfumo uliojengwa juu ya Linux, na kampuni ya Valve haikuufunga kwa kufuli. Mwenye nacho anaweza kusakinisha atakacho.

Wapenzi wa gemu za kale huweka programu zinazojifanya mashine za zamani, mfano RetroArch. Gemu ya Super Nintendo, mashine iliyozaliwa Japani mwaka 1990, hudanganyika ikadhani iko nyumbani. Kazi hiyo ni nyepesi kwa prosesa ya leo, kwa hiyo ukiipunguzia umeme, betri hudumu muda mrefu zaidi. Mimi ningeanza na hilo kabla ya kuhangaika na makava na stika.

Kioo nacho kina vituko. Gemu hizo zilikusudiwa televisheni za uwiano wa 4:3, ilhali kioo hiki ni cha 16:10. Ukiivuta picha ijae, Mario ananenepa ghafla. Heri mistari myeusi pembeni.

Na sheria? Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliipa kampuni ya Connectix ushindi dhidi ya Sony kuhusu programu iliyoiga PlayStation. Lakini gemu zenyewe zina hakimiliki. Machi 2024, watengenezaji wa Yuzu, iliyoiga Nintendo Switch, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kuifunga programu yao.