Je, Wajua? Joto la Kuvundika

Je, wajua kwamba ukichimba mita 10 au zaidi huko Gasorwe, upande wa Muyinga nchini Burundi, utafika kwenye udongo usiojali kama juu ni mchana au usiku, masika au kiangazi? Joto la huko chini halibanduki sana kutoka wastani wa joto la hewa wa mwaka mzima mahali hapo. Wafaransa walilithibitisha mapema: katika mahandaki ya kituo cha kuchunguza nyota cha Paris, takriban mita 28 chini, vipimajoto vya karne ya 18 vilionyesha nyuzi karibu 12 za Selsiasi, iwe Julai au Januari.

Udongo na miamba huachia joto polepole mno. Ndiyo maana mwaka 2007, mjini Okotoks, Kanada, mtaa wa nyumba 52 uitwao Drake Landing ulianza kuweka akiba ya jua. Paneli zilizokuwa juu ya mapaa ya gereji zilikusanya joto kiangazi kizima, nalo likapelekwa kwa maji hadi kwenye visima 144 vyembamba vya kina cha mita 35 hivi. Theluji ilipoanguka, joto lilipandishwa tena. Msimu wa 2015–2016 jua ndilo lililopasha moto nyumba zote. Mitambo hatimaye ilichakaa, na mradi ukafungwa mwaka 2024.

Gasorwe haihitaji mtambo wa namna hiyo, na sababu yake inanifurahisha: karibu na ikweta, mwezi wa joto na mwezi wa baridi hupishana kwa nyuzi chache tu, ilhali mchana na usiku huweza kupishana kwa nyuzi 10 na zaidi. Ukitaka baridi, subiri jua lizame. Nairobi wameshalijaribu hilo: kwenye jengo la maktaba la Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, hewa hupitishwa katika tabaka la mawe yaliyopozwa usiku, ikaingia ndani ikiwa imepoa.

Warundi nao, bila paneli wala pampu, huweka joto ardhini wanapotengeneza urwarwa, pombe ya ndizi. Shimo hupashwa moto, likatandikwa majani ya migomba, kisha ndizi mbichi hupangwa na kufukiwa. Joto hubaki humo pamoja na ethileni, gesi ambayo ndizi zenyewe huitoa na inayoziivisha. Baada ya siku chache huwa tayari kukamuliwa.