Gari kuukuu la safari: Kagua chesisi kabla ya kununua mapambo

MAGARI ya zamani yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne yangali yakitafutwa na wakazi wengi wa mijini, hasa wale wanaosafiri kwenda mashambani, vijijini walikozaliwa au mbugani, ambako lami hukoma mapema na masika hugeuza njia kuwa tope.

Sababu kubwa ya kupendwa kwake ni urahisi wa matengenezo. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kutoka kiwandani mwaka 1984, na mwaka 1990 zikapata injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Injini hiyo haina turbo, na pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika, hivyo fundi wa Karatu au Sumbawanga huweza kuishughulikia bila kompyuta. Sifa hiyo wanayo pia, kwa kawaida, Land Rover Defender wenye injini ya 300Tdi. Hali ni tofauti kwa Defender wa Td5 walioanza kuuzwa mwaka 1998, ambao mfumo wao wa mafuta huongozwa na kompyuta.

Hata hivyo, urahisi huo huwapotosha wengi. Baadhi ya wanunuzi humaliza fedha zao kwa kuliinua gari, kulifunga matairi makubwa, taa za ziada na winchi, ilhali chini yake kuna ufa ambao hawajawahi kuuona. Gari la namna hiyo hupendeza mjini, lakini huweza kuwaacha abiria porini, au kuwapindua.

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu, lakini dhahabu haishiki kutu, chuma hushika. Kwa sababu hiyo, ukaguzi uanzie kwenye chesisi. Bodi ya Land Rover wa zamani kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, na yaweza kuonekana nzima huku chesisi yake ya chuma ikiwa imeliwa na kutu. Mnunuzi aingie chini ya gari akiwa na tochi na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito au hutoboka. Sehemu za kutazamwa zaidi ni zile zinaposhikiliwa springi, boksi la usukani na shokomzoba. Gari lililotumika kandokando ya bahari lipewe muda mrefu zaidi wa ukaguzi.

Aidha, magari mengi ya kubebea watalii kaskazini mwa Tanzania yalikatwa na kurefushwa chesisi ili kuongeza viti. Kazi hiyo ikifanywa vyema hudumu, lakini mnunuzi hana budi kuchunguza kila sehemu iliyochomelewa kama ina nyufa, na kuhakikisha namba ya chesisi inalingana na ile iliyo kwenye kadi ya gari.

Baada ya hapo injini iwashwe ikiwa ya baridi, kwani iliyokwisha pashwa moto huficha ugonjwa wa kuwaka kwa taabu. Oili yenye rangi ya maziwa huashiria kuwa maji yameingia. Moshi wa bluu usiokoma huonesha kuwa oili inaungua. Mfumo wa magurudumu manne nao ujaribiwe kwenye udongo au mchanga, si kwenye lami kavu, kwa kuwa katika magari yanayofunga ekseli mbili pamoja, lami hairuhusu magurudumu kuteleza kidogo na hivyo hukaza gia na propela.

Mabadiliko ya gari yana gharama yake iliyojificha. Tairi lililozidi lile la kiwandani kwa asilimia 10 ya kimo hufanya kipima mwendo kioneshe kilometa 80 kwa saa wakati gari linakwenda 88. Breki hupata kazi kubwa zaidi, na gia huwa nzito mlimani. Kuliinua gari hupandisha kitovu cha uzito, likawa jepesi kupinduka konani, na hubadili pembe ya propela.

Keria iliyojazwa mizigo huleta hatari iyo hiyo. Madumu matano ya lita 20 yaliyojaa maji yana uzito wa kilo 100 bila kuhesabu madumu yenyewe. Mzigo huo ukiwekwa sakafuni mbele ya ekseli ya nyuma, gari hutulia. Ukiwekwa juu ya paa, huyumba. Vilevile, kuifunga turbo injini ya 1HZ, ambayo haikuundwa kwa ajili hiyo, huongeza joto ndani ya silinda na huweza kupasua silinda hedi endapo mafuta hayatapimwa kwa uangalifu.

Badiliko lenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni kipimo cha upepo na pampu ya kujazia. Kwenye mchanga, kushusha upepo kutoka psi 35 hadi karibu psi 18 hurefusha sehemu ya tairi inayogusa ardhi, na gari lililokuwa likizama huweza kutoka bila kuvutwa. Mwendo uwe mdogo, na upepo urudishwe kabla ya kuingia barabara kuu.

Bomba la hewa lililopandishwa hadi juu ya paa halilifanyi gari kuwa mashua. Difu iliyopata moto ikitumbukia ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuyavuta maji kupitia sili. Kinga yake ni mpira mwembamba wa kupumulia unaopandishwa hadi juu ya injini, na kukagua oili ya difu baada ya kila kivuko kirefu. Mto uliofurika na wenye kasi haufai kujaribiwa kwa gari lolote.

Kuhusu matunzo, gari kuukuu hudai ratiba wala si bahati. Baada ya safari ya vumbi, kichujio cha hewa kisafishwe au kibadilishwe. Maji yanayokusanyika kwenye kichujio cha dizeli yamwagwe, na krosi za propela zipakwe grisi. Nati za magurudumu na bolti zinazofunga springi zikazwe upya. Mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilometa 100,000, na pale ambapo historia ya gari haijulikani, ubadilishwe mara tu linaponunuliwa. Ukikatika mwendoni, vali hugongana na pistoni, na gharama ya mkanda mmoja hugeuka kuwa gharama ya injini.

Kwa mwenye fedha za kutosha kununua gari tu, ni heri achague la bei nafuu kidogo na abakize akiba ya breki, mkanda, mipira ya rejeta na matairi mazima. Taa za ziada na winchi vinaweza kusubiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na porini ukuta huo hujengwa usiku, mbali na fundi, huku watoto wakiwa ndani ya gari.